Gorla: Kijiji Ndani ya Jiji la Milan

Abiria apandaye treni ya chini ya ardhi mjini Milan, katika kiwanja cha Loreto, akielekea kaskazini upande wa Sesto San Giovanni, husikia majina ya vituo yakitajwa moja baada ya jingine: Pasteur, Rovereto, Turro, Gorla, Precotto. Mawili ya kwanza ni majina ya kuazima, moja la mwanachuoni wa Kifaransa na la pili la mji wa mbali ulioko milimani. Bali matatu yafuatayo ni majina ya wenye mahali, yaani majina ya vijiji vilivyokuwa na mashamba yao, kanisa lao, makaburi yao na baraza lao, zama ambazo kutoka huko kwenda Milan kulikuwa ni safari, na mtu aliyesema kwamba anakwenda mjini alifahamika na kila mmoja kuwa anavuka makonde kwenda mahali pengine. Treni husimama Gorla kwa muda wa kufungua milango na kuifunga, kisha huenda zake. Juu yake ni barabara iliyonyooka ya viale Monza, yenye maduka na nyumba za ghorofa zisizo tofauti na za mtaa mwingine wowote wa jiji lile, na mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kwamba amepita chini ya kijiji.

Nakusudia kukichukua kijiji hiki kimoja, kati ya vingi vilivyopatwa na hali kama yake katika nchi ya Italia, nikitazame kwa makini kadiri nafasi inavyoruhusu, ili kulijibu swali ambalo kwa kawaida hupitiwa upesi mno: kijiji kinapoingizwa katika jiji hupotewa na nini hasa, na hupotewa lini? Waandishi wa taarikhi wamezoea kujibu kwa tarehe ya hati, nao hawakukosea, kwa kuwa hati ipo na tarehe yake inajulikana. Mimi naona kwamba hati ilikuja mwisho, baada ya barabara, reli na mshahara kwisha kazi yao. Ila naona vilevile kwamba hati hiyo, iliyodhaniwa siku ile kuwa ni shughuli ya makarani tu, iliondoa kitu ambacho thamani yake haikudhihirika mpaka kilipohitajiwa, miaka 21 baadaye, kwa sababu ya asubuhi moja ya siku ya Ijumaa.

Kijiji chenyewe ni cha kale kuliko mfereji upitao kando yake, lakini sura yake iliumbwa na mfereji huo. Mwaka 1457 Francesco Sforza, mtawala wa Milan, alitoa idhini maji yachukuliwe kutoka mto Adda, mahali paitwapo Trezzo, yaletwe mpaka mjini kwa mfereji wa kiasi cha kilomita 38, na kazi hiyo akapewa mhandisi Bertola da Novate. Mfereji huo ndio uitwao Martesana. Ulinywesha mashamba na kuzungusha mawe ya kusagia nafaka, kisha ukabeba matishari. Na mwisho wa karne ile, katika zama za mtawala Ludovico il Moro, ambaye Leonardo da Vinci alikuwa katika utumishi wake, uliunganishwa na mfereji mwingine uliouzunguka mji kwa ndani, hata chombo kilichopakiwa ukingoni mwa Adda kikaweza kuingia mpaka katikati ya Milan bila ya kushusha shehena. Matishari yaliyojaa mawe, mchanga na kuni yaliteremka kwa nguvu ya mkondo peke yake, na yalipokuwa yakirudi yalivutwa kwa kamba na farasi waliotembea katika njia iliyotengwa ukingoni kwa kazi hiyo. Njia hiyo ingali inaitwa kwa jina lake la zamani, Alzaia, yaani njia ya kuvutia kamba, ingawa wanaoipita leo ni wapanda baiskeli.

Katika ukingo wa mfereji kama huu maisha ya kila siku yalikuwa na mahali pake maalumu. Yalikuwapo mawe ya kufulia, bapa na mapana, yaliyolazwa kwa mshazari yakainamia maji, na mwanamke aliyekuja kufua alipiga magoti ndani ya kisanduku cha mbao kilichokuwa wazi upande wa nyuma, ili magoti yake yasilowe wala yasichubuke kwa jiwe, akasugua nguo, akazipiga, akazisuuza katika maji yaliyotoka katika theluji ya milima na ambayo wakati wa kipupwe yalikuwa baridi ya kukata vidole. Nguo zile aghalabu hazikuwa zake, bali za nyumba za watu wa mjini. Hapo pana jambo la kuzingatiwa, kwani jiji na kijiji vilikuwa tayari katika uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa karne nyingi kabla karani yeyote hajaandika neno la kuviunganisha.

Upande wa pili wa uhusiano huo ulikuwa wa fahari. Matajiri wa Milan, walipochoshwa na joto na uvundo wa mji ndani ya kuta zake, walipenda kujenga majumba ya kupumzikia ukingoni mwa Martesana, na Gorla ikapata sehemu yake ya majumba na bustani zilizoteremka mpaka majini, hata ikapewa lakabu ya Paris Ndogo. Moja ya bustani hizo ingalipo, ile ya Villa Finzi, nayo ina kitu kisichotarajiwa: chumba cha mviringo kilichojengwa chini ya ardhi, kiitwacho Hekalu la Usiku, ambamo mwenye bustani na wageni wake waliweza kushuka na kuuacha mchana nje. Nalitaja jambo hili kwa sababu wako wanaosimulia habari za vijiji vilivyomezwa kana kwamba kabla ya jiji palikuwa na wakulima watupu wasiojua ila jembe. Gorla ilikuwa na wakulima, na madobi, na wavuta matishari, na mabwana wakubwa. Nao wote waliujua mji vizuri, na mji uliwajua.

Lililoutenga mji na kijiji, kwa hiyo, halikuwa ujinga wala umbali. Lilikuwa ni ushuru, na hapa yafaa tutue kidogo, maana bila ya kuujua ushuru huo kadhia nzima haieleweki. Milan, kama miji mingi ya Italia, ilitoza ushuru kwa kila kitu cha kuliwa, kunywewa na kuchomwa kilichopitishwa katika milango yake. Divai, nyama, unga, kuni, vyote vilisimamishwa langoni, vikapimwa, vikalipiwa. Nje ya mpaka huo bei ilikuwa nyingine, na ndiyo maana watu wa mjini walitoka siku za Jumapili kwenda kula na kunywa katika vilabu vya vijijini, na ndiyo maana viwanda na wafanyakazi wao walipenda kukaa nje. Mwaka 1886 palizuka ghasia katika milango ya Milan kwa ajili ya kipande cha mkate, kwa kuwa wafanyakazi waliotoka nje ya kuta walitakiwa kuulipia ushuru mkate waliochukua kwenda kuula kazini ukizidi uzito uliowekwa. Mtu na afikirie hali ya baba aliyeamka kabla ya alfajiri, akafunga mkate wake katika kitambaa, akafika langoni akauona unatiwa katika mizani, ndipo atakapofahamu kwamba mpaka wa jiji haukuwa mstari katika ramani tu.

Kwa sababu ya fedha hizo, kila mtawala aliyeketi Milan alitamani kuusogeza mpaka nje. Napoleon ndiye aliyetangulia: mwaka 1808 serikali yake ilivitia katika mji vijiji vilivyokuwa katika mzunguko wa kiasi cha maili nne, na Gorla ikawamo, lakini yeye alipoanguka, Waaustria waliotawala baada yake wakavirudishia vijiji mamlaka yao mwaka 1816, na jiji likatapika lilichokula. Baada ya Italia kuwa ufalme mmoja, njaa ile ilirudi. Kuuzunguka mji pande zote, nje tu ya kuta, palikuwa na manispaa ya ajabu iliyokuwa na umbo la bangili, jina lake Corpi Santi, maana yake Miili Mitakatifu, nayo ilikuwa imejaa watu na viwanda kwa sababu ile ile ya kuukwepa ushuru. Mwaka 1873 Corpi Santi ikaingizwa katika Milan bila ya ridhaa ya watu wake, na tangu hapo vijiji vya mbali zaidi, ambavyo awali vilitenganishwa na jiji kwa bangili ile, vikajikuta ni majirani wa jiji lenyewe, mlango kwa mlango.

Wakati huo huo ardhi iliyobaki kati yao ilikuwa ikifupishwa na chuma. Reli kutoka Milan hadi Monza ilifunguliwa mwaka 1840, ikiwa ya pili katika nchi yote ya Italia baada ya ile ya Naples kwenda Portici. Mwaka 1876 ikafuata tramu iliyovutwa na farasi, ambayo ilikwenda Monza kwa barabara kubwa ipitayo Gorla na Precotto. Kisha vikaja viwanda vikubwa. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kilomita chache kaskazini mwa Gorla, katika mji mdogo wa Sesto San Giovanni na viunga vyake, vilisimama viwanda ambavyo majina yake yalijulikana Ulaya nzima: Breda waliotengeneza vichwa vya treni, Falck waliofua chuma cha pua, Marelli wa mitambo ya umeme, na Pirelli wa mpira pale Bicocca. Gorla ikawa katikati, jiji kusini na moshi kaskazini. Mtoto wa mkulima hakungoja tena msimu. Alingoja king'ora cha kiwanda. Shamba lililolimwa na babu yake likawa kiwanja cha kujenga nyumba za kupangisha, na mwenye kupanga alikuwa mtu aliyetoka mbali asiyemjua babu huyo. Hapa ndipo ninaposema kwamba kijiji kilikuwa kimekwisha kumezwa kwa mshahara hata kabla ya kumezwa kwa sheria, na mtu yeyote aliyesimama katika daraja la Gorla mwaka 1910 akaona watu wanavyopishana asubuhi aliweza kulijua hilo bila ya kuisoma hati.

Hata hivyo sheria ilikuwa bado upande wa kijiji. Katika nchi ya Italia manispaa, iwe na watu milioni au mia tano, ina meya wake, baraza lake, jumba lake, hazina yake na daftari lake la vizazi, ndoa na vifo; nayo ni nyumba ambayo mwenye haja huijua njia yake. Turro ilipoteza hadhi hiyo mwaka 1918 ilipotiwa katika Milan. Mwaka 1920 Gorla na Precotto zikaunganishwa kuwa manispaa moja, Gorlaprecotto, jina lililoishi miaka mitatu tu. Kisha ikaja amri ya kifalme ya 2 Septemba 1923, iliyovifuta kwa mkupuo mmoja vijiji na miji midogo 11 iliyouzunguka mji: Affori, Baggio, Chiaravalle, Crescenzago, Gorlaprecotto, Greco, Lambrate, Musocco, Niguarda, Trenno na Vigentino. Eneo la Milan likapanuka ghafla mno, hata likazidi kilomita za mraba 180, na kiasi hicho, kwa tofauti ndogo, ndicho kilichopo mpaka leo.

Tarehe hiyo yataka itazamwe pamoja na yaliyoizunguka. Mnamo 3 Agosti 1922 mafashisti walikuwa wamelivamia jumba la halmashauri ya Milan, Palazzo Marino, wakauangusha utawala wa wasoshalisti. Oktoba ya mwaka huo Mussolini akashika serikali Roma. Na uchaguzi wa mwezi Desemba ukamleta Luigi Mangiagalli, tabibu mashuhuri wa uzazi, kuwa meya. Haja ya kuupanua mji ilikuwa ya zamani na ya kweli, wala haikubuniwa na mafashisti, kwa kuwa jiji lilihitaji ardhi ya nyumba, mabomba, njia za maji machafu na reli, na watu waliojua kazi ya mipango ya miji walikuwa wakilisema hilo kwa miaka mingi. Lakini haja ya zamani ilitekelezwa kwa tabia ya watawala wapya, nao hawakupenda mabaraza mengi madogo yenye midomo mingi. Si Milan peke yake iliyotendewa hivyo. Mwaka 1926 Genoa ilitiliwa manispaa 19, Sampierdarena mojawapo, ambayo ilikuwa mji wa viwanda wenye fahari yake. Mwaka huo huo Mestre ikawekwa chini ya Venice. Na Naples, kati ya 1925 na 1927, ikazichukua Barra, Ponticelli, San Giovanni a Teduccio, Secondigliano na nyinginezo. Kwa muda wa miaka michache ramani ya majiji ya Italia iliandikwa upya, na mwaka 1926 hata meya wa kuchaguliwa akaondolewa kila mahali, akawekwa mtu wa kuteuliwa na serikali.

Insafu inanilazimu kusema kwamba jiji lilileta mambo mema. Yalifika mabomba ya maji na taa za barabarani, na shule zilizojengwa kwa fedha ambazo manispaa ya kijiji isingeweza kuzikusanya kwa miaka hamsini. Na Niguarda, mmoja wa wale 11, ikapata mwaka 1939 hospitali kubwa ambayo ingali ni tegemeo la watu wa Lombardia. Mkazi wa Gorla aliyepata choo cha ndani na tramu ya kwendea kazini hakulala macho akiililia Gorlaprecotto. Musocco yenyewe ilikuwa imetoa ardhi kwa ajili ya makaburi makuu ya Milan tangu mwaka 1895, yaani jiji lilizika wafu wake katika ardhi ya kijiji miaka 28 kabla ya kukimiliki.

Lakini mtu anayetaka kujua nini kilichotoka, baada ya kuhesabu yaliyoingia, na amtazame jirani wa Gorla. Sesto San Giovanni, iliyokuwa mji wa viwanda vikubwa, haikuingizwa. Ilibaki manispaa, na manispaa ni mpaka leo, ingawa mgeni hawezi kuona mahali ambapo nyumba za Milan zimekoma na za Sesto zimeanza. Watu wake walikuwa wafanyakazi wa viwanda vile vile, walipokea mshahara ule ule, walipanda tramu ile ile. Lakini wakati wa vita migomo yao na mapambano yao dhidi ya mafashisti na Wajerumani yaliandikwa kwa jina la Sesto, na baada ya vita mji wao ulipewa nishani ya dhahabu ya ushujaa kwa jina hilo. Matendo ya watu wa Gorla katika siku zile yaliingia katika hesabu ya Milan, kama maji ya kijito yanavyoingia mtoni.

Nimefika sasa katika siku ile. Ijumaa ya tarehe 20 Oktoba 1944 Milan ilikuwa chini ya Wajerumani na serikali ya mafashisti waliyoilinda, na ndege za Marekani zilizoruka kutoka viwanja vya Foggia, kusini mwa Italia, zilitumwa kuvipiga viwanda vya kaskazini. Kikosi kimoja kilipewa Breda, huko Sesto. Anga lilikuwa jeupe. Katika sehemu ya kwanza ya kikosi mabomu yaliachiwa kabla ya wakati, yakaangukia penginepo. Sehemu ya pili, ilipofika mahali pa kugeukia, ikageuka upande usiokuwa, ikakosea njia kwa kiasi cha digrii 22, na kosa lilipogunduliwa lengo lilikuwa limekwisha kupita upande mmoja. Marubani walikuwa na mabomu yaliyokwisha kutayarishwa kulipuka, na mji wenye watu ulikuwa chini yao. Waliyaachia hapo hapo.

Ilikuwa saa tano na nusu hivi ya asubuhi. Katika shule ya msingi ya Gorla watoto walikuwa darasani. Shule hiyo ilikuwa na jina la Francesco Crispi, waziri mkuu ambaye katika zama zake Italia ilianza kuzimezea mate bandari za Banadir zilizokuwa za Sultani wa Unguja, na ambaye alianguka baada ya askari wake kushindwa na Wahabeshi huko Adwa mwaka 1896. Jina la vita vya mbali lilikuwa limeandikwa mlangoni, na watoto waliingia chini yake kila siku bila ya kulifikiri. King'ora kilipolia, walimu waliwapanga wanafunzi wakaanza kuwateremsha kwenda katika handaki lililokuwa chini ya jengo. Baadhi ya watoto walichopoka wakakimbilia majumbani kwao, na kutotii huko kukawaokoa. Waliotii walikuwa wangali katika ngazi, madarasa ya juu nyuma ya madarasa ya chini, wakati bomu lilipopenya katika nafasi ya ngazi hizo hizo na kulipukia chini. Jengo likawaangukia. Walikufa watoto 184, pamoja na walimu 14, mwalimu mkuu wao na wahudumu wa shule. Katika mji mzima siku ile waliuawa watu 614. Precotto, jirani wa Gorla, nayo shule yake ilipigwa, ila watoto waliokuwa handakini walichimbuliwa wakatolewa wazima.

Katika kijiji, na nasisitiza kwamba kwa habari hii Gorla ilikuwa kijiji bado, idadi kama hiyo haigawanyiki katika mji. Yote imo katika njia chache. Zilikuwako nyumba zilizopoteza watoto wawili, na zilikuwako ngazi za nyumba za kupangisha ambazo kila mlango ulikuwa na msiba. Wazazi walichimba kifusi kwa mikono, na waliotoka kazini viwandani walifika wakaungana nao. Waliokuwa majirani kwa bahati ya kupanga jengo moja, waliokuja kutoka mikoa mbalimbali na pengine hawakuwa wakisalimiana, wakawa tangu siku ile ni watu wa mahali pamoja. Ndiyo maana nasita kukubaliana na wale wasemao kwamba kijiji kilikufa mwaka 1923.

Msiba huo ulikosa pia mwenye kuusemea. Mafashisti walioshika mji waliutumia upesi, wakawafanya watoto wale kuwa hoja katika matangazo yao dhidi ya maadui; na vita vilipokwisha, walioangusha mabomu walikuwa ndio wakombozi, wakipita barabarani wakishangiliwa, hata ikawa vigumu kwa mtu kusimama na kusema kwa sauti kwamba wakombozi walimuua mwanawe. Wazazi wa Gorla wakabaki na majonzi yasiyokuwa na mahali pa kuwekwa katika hesabu za siasa za siku zile, upande mmoja wala mwingine.

Hapo ndipo ilipojulikana thamani ya kilichoondolewa na amri ya 1923. Kiwanja cha shule kilikuwa mali ya jiji, na jiji, lililobomolewa kila pembe na lililohitaji fedha, lilikuwa na mpango wa kukitoa kijengwe jumba la sinema. Sidhani kwamba aliyeuandika mpango huo alikuwa na moyo mbaya, alikuwa mbali. Katika ofisi ya Palazzo Marino kiwanja cha Gorla kilikuwa namba katika orodha ya viwanja, kati ya mamia vilivyobaki magofu. Lau Gorlaprecotto ingalikuwa hai, shauri hilo lingalifika mbele ya baraza ambalo wajumbe wake ni baba, ami na wajomba wa waliokufa, na lisingaliweza kutamkwa, seuze kuandikwa. Sasa wenye msiba ndio waliotakiwa kupanda tramu kwenda mjini, wakasimama mbele ya meza, wakaomba ardhi ambayo damu ya watoto wao ilikuwa imemwagika.

Walikwenda. Waliunda kamati ya wazazi, wakakusanya michango, na wakamkuta kwenye kiti cha meya Antonio Greppi, msoshalisti, ambaye mwanawe Mario alikuwa ameuawa na mafashisti mwaka ule ule wa 1944. Naamini kwamba kuna maombi ambayo hayahitaji maelezo marefu yanapopelekwa kwa mtu wa namna hiyo. Kiwanja kilitolewa kwa wazazi, jumba la sinema halikujengwa, na mwaka 1947 pakasimamishwa mnara wa ukumbusho uliofanywa na mchongaji Remo Brioschi: mama amesimama na mtoto wake aliyekufa mikononi, na chini yake chumba ambamo mabaki ya watoto na walimu wao yamehifadhiwa, kila mmoja na jina lake na picha yake. Maneno yaliyoandikwa hapo ni machache kabisa: Tazama vita. Kiwanja kinaitwa Piazza Piccoli Martiri, yaani Kiwanja cha Mashahidi Wadogo.

Ninaiona kamati ile ya wazazi kuwa ndiyo baraza la mwisho la Gorla. Haikuwa na meya wala mhuri, na hazina yake ilikuwa sahani ya michango. Lakini ilifanya kazi ambayo baraza la kijiji hufanya, nayo ni kusimama mbele ya wakubwa na kutaja watu kwa majina yao. Kinachopotea kijiji kinapoingizwa jijini, kwa kadiri ninavyoweza kukiona, ni mlango ule wa karibu ambao mwenye haja aweza kuubishia hodi akajibiwa na mtu amjuaye. Mashamba yangalipotea vyovyote vile, na tishari lingalishindwa na lori hata kama baraza lingalibaki. Mlango ule haukuondolewa na zama, uliondolewa na kalamu, na ulipohitajiwa ilibidi watu waujenge upya kwa mikono yao katika hali ya ufiwa.

Yaliyofuata yasimuliwe kwa ufupi. Mwaka 1958 usafiri wa vyombo katika Martesana ulikoma. Watu wa kusini mwa Italia walimiminika katika miaka ile kuja kutafuta kazi, wakajaza nyumba zilizojengwa haraka kati ya mfereji na barabara kubwa; mwaka 1964, tarehe 1 Novemba, treni ya chini ya ardhi ikafunguliwa, na jina la Gorla, lililokuwa limefutwa katika daftari la manispaa kwa miaka 41, likarudi kuandikwa kwa herufi kubwa katika kuta za kituo. Katika miaka hiyo hiyo sehemu ya mfereji iliyo karibu zaidi na mji ilifunikwa kwa barabara, na viwanda vya Sesto vilivyokuwa sababu ya mambo mengi vikafungwa kimoja kimoja kabla ya karne kwisha. Wanaoishi pale leo wana asili ya Misri, ya Peru na ya Ufilipino pamoja na wa Italia, na wengi wao hawana ukoo na yeyote aliyetajwa katika chumba kile cha chini ya mnara.

Walakini kila mwaka, tarehe 20 Oktoba, watu hukusanyika katika kiwanja kile, na wanafunzi wa shule za huko huletwa na walimu wao. Hatua chache kutoka hapo maji ya Adda yanaendelea kupita chini ya daraja, yakishuka polepole kuelekea Cassina de' Pomm, mahali ambapo mfereji huingia chini ya barabara na hauonekani tena.